Vikapu Kumi na Viwili



Ndugu wapendwa, Injili ya Jumapili hii, katika sura ya 6 ya Mtakatifu Yohane, yatusimulia jinsi Bwana alivyowalisha watu wapatao 5,000 kwa mikate mitano na samaki wawili. Twaustaajabia muujiza, lakini mwisho wake twaupita upesi. Watu walipokwisha kushiba, Bwana aliwaagiza wanafunzi wake wakusanye masazo, wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye awezaye kuzidisha mkate hakudharau kipande kilichoanguka majanini.

Sisi je? Mwaka mmoja, baada ya sherehe ya Kipaimara parokiani, tulikula, tukanywa, tukaimba, kisha tukaenda zetu. Chupa za plastiki tuliziacha uwanjani. Usiku ikanyesha mvua. Asubuhi chupa zilikuwa zimefika kijitoni, pale wanapoteka maji akina mama wale wale waliotupikia. Nasi mapadre tuliziona jioni ile, tusiseme neno. Hilo nalo ni la kuungama.

Wapendwa, kumbe hata chupa tuitupayo ina faida ndani yake. Chupa ya maji au ya soda kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, yenye kaboni kwa wingi. Wataalamu wameweza kuikatakata na kuipasha moto mkali katika tanuri lisiloingia hewa, hata yakabaki makaa. Makaa hayo huchomwa tena kwa mvuke au kwa kemikali maalumu, yakatoboka vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Gramu moja tu ya mkaa huo yaweza kuwa na kuta za ndani zenye eneo la zaidi ya meta za mraba 1,000. Maji yapitapo humo, rangi za viwandani na baadhi ya sumu za kuulia wadudu hunaswa katika kuta hizo.

Basi takataka iliyochafua maji yaweza kuyasafisha. Tena hayasafishi kwa kuwa imejaa, bali kwa kuwa moto umeitoboa na kuiachia nafasi. Ndivyo alivyo mwenye dhambi anayetubu. Petro alimkana Bwana mara tatu. Machozi yakamfungulia nafasi moyoni, akawa wa kuwaimarisha ndugu zake.

Hata hivyo, twapaswa kuonya. Mtu asichome chupa nyumbani, kwani moshi wake una sumu, na kazi ile yataka tanuri na utaalamu. Wala mkaa huo hautoshi kuondoa vijidudu vyote. Maji ya kunywa tuendelee kuyachemsha. Zaidi ya hayo, asiwepo wa kusema, “Na tutupe tu, wataalamu watasafisha.” Huko ni kutenda dhambi kwa kutegemea kitubio.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, aliukemea utamaduni wa kutupa. Basi juma hili kila jumuiya ndogo ndogo ishuke kijitoni na kikapu chake. Chupa zitakazookotwa wapewe wanaozikusanya ili zitumike tena. Makatekista watangulie, nasi mapadre tuiname pamoja nao, tukianza na zile tulizoziacha wenyewe.

Mungu Mwenyezi awabariki. Amina.