Tulinde Matairi, Tuongoze Maji
Hotuba ya Kamati ya Barabara kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu



Desemba inakaribia, na wengi wetu tutakwenda Upare kula sikukuu na wazazi. Tutapita Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo na Same juu ya lami. Kisha wengi tutaiacha lami na kupandisha milimani, wakati mvua za vuli zimekwisha kuichimba njia. Kila Januari tukirudi mjini habari ni zile zile: huyu kapasua tairi, yule kapinda rimu. Kwa hiyo tumeombwa tuseme namna ya kuyakinga matairi, na namna ya kuikinga barabara yenyewe.

Tuanze na tairi. Gari likiingia shimoni kwa kasi, tairi hubanwa kati ya ukingo wa shimo na ukingo wa rimu. Hapo nyuzi zilizomo ubavuni hukatika, hata kama mpira wa nje hauonyeshi jeraha. Baada ya muda hutokea uvimbe ubavuni kama yai. Uvimbe huo ni upepo unaosukuma mpira usio na nyuzi za kuushikilia. Tairi la namna hiyo halizibiki. Fundi akiahidi kulitia kiraka au tyubu ndani ili mwendelee na safari, mshukuruni, kisha fungeni spea. Kiraka hakirudishi nyuzi zilizokatika, na tairi hilo linaweza kupasuka ghafla mkiwa barabara kuu na watoto ndani ya gari.

Kinga ya kwanza ni upepo sahihi. Upimeni asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likipata joto kipimo hupanda. Kiwango chake kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi katika nguzo ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyochapwa ubavuni mwa tairi ni ya juu kabisa ambayo tairi linaweza kubeba. Msiifanye ndiyo ya kujaza. Upepo ukipungua, rimu hufika chini upesi na kuumia. Ukizidi, tairi huwa gumu na hushindwa kunesa. Gari likibeba familia nzima pamoja na magunia, fuateni kiwango cha mzigo kilichoandikwa kwenye kibandiko hicho hicho.

Ya pili ni umri wa tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kung'aa kwa rangi nyeusi huku mpira wake umekauka na kuchanika nyufa ndogo ndogo. Someni tarakimu hizo kabla ya kulipa. Tairi kipara nalo halifai kupandishia mlima wenye utelezi.

Ya tatu ni uendeshaji. Acheni nafasi ya kutosha nyuma ya lori ili mashimo yaonekane mapema. Punguzeni mwendo kabla ya shimo, kisha achieni breki gurudumu linapoingia. Breki ikikanyagwa ndani ya shimo, uzito wote hulalia magurudumu ya mbele na pigo huwa kubwa zaidi. Msikwepe shimo kwa kuhamia ghafla upande wa pili. Huko kuna bodaboda na basi. Bora kupoteza tairi kuliko roho. Shimo lililojaa maji lichukulieni kuwa refu mpaka mlione lilivyo. Mkigonga vibaya, simameni mahali salama, wekeni pembetatu, kagueni ubavu wa nje na wa ndani pamoja na rimu. Gari likianza kuvuta upande mmoja, lipelekeni kwa fundi likapimwe mpangilio wa magurudumu. Kabla ya safari hakikisheni spea ina upepo, na jeki na spana zimo.

Hayo ni ya mwenye gari. Lakini barabara mbovu haiwaumizi wenye magari peke yao. Mama mjamzito anayeteremshwa hospitali usiku hupita humo humo. Ndizi za shangazi zetu hupita humo. Na sote tunajua uzito wa kuona gari la msiba limekwama tope, na jeneza likashushwa likabebwa mabegani.

Shimo ni kazi ya maji. Juu ya lami maji huingia kwenye ufa, hulainisha tabaka la chini, na magurudumu hupondaponda kilichobaki. Kwenye barabara ya udongo maji yakikosa mtaro hushika njia ya magari. Ndiyo maana udongo unaomwagwa ndani ya shimo lenye maji hugeuka tope na kuondoka kwa mvua inayofuata. Shimo huzibwa kwa kutoa maji na tope kwanza, kunyoosha kingo, kujaza kifusi chenye kokoto tabaka kwa tabaka na kushindilia kila tabaka. Katikati ya barabara pabaki juu kuliko pembeni, na maji yapate mtaro wa kuyapokea. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndugu zetu, kuongoza maji si elimu ngeni kwetu. Wazee wetu walijenga ndiva, wakakusanya maji na kuyapeleka mashambani kwa mifereji iliyofuata mteremko. Na waliijenga kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu na jembe. Maarifa yale yale yanahitajika leo kuyatoa maji barabarani.

Tunajua barabara kuu na za mkoa zina TANROADS, na za wilaya zina TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Hatuwaondolei wajibu wao, na tutaendelea kuwakumbusha. Kazi yoyote ya barabarani tutaianza baada ya kuafikiana na mhandisi wao na serikali za vijiji. Lakini kuzibua mtaro uliojaa majani hakuhitaji kungoja bajeti.

Basi ombi letu ni hili. Mfuko wa mwaka huu ununue majembe, sururu, makoleo, matoroli na vyuma vya kushindilia, vikabidhiwe vijiji kwa maandishi. Ulipie pia mabomba ya makalavati kwa sehemu ambazo maji hukatiza njia. Msaragambo wa mitaro ufanyike mara mbili kwa mwaka: Septemba kabla ya vuli, na Februari kabla ya masika.

Mwenye gari tunamwomba atoe nusu ya bei ya tairi moja. Asiye na gari atoe anachoweza, hata nauli ya siku. Atakayekuwa nyumbani siku ya msaragambo ashike jembe pamoja na waliobaki huko wakitutunzia makaburi na mashamba. Hesabu ya kila shilingi itasomwa katika mkutano ujao, mbele yenu.

Tunawatakia safari njema.