Mwonevu Naye ni Mtoto Wetu

(Hotuba kwa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili)



Habari za madawati na matangi ya maji mtazipata katika taarifa ya mwaka. Leo tunaomba tuzungumzie jambo lisilonunuliwa dukani, nalo ni uonevu baina ya wanafunzi. Mwaka 2019 UNESCO ilitangaza kwamba karibu mwanafunzi 1 kati ya 3 duniani alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika muda wa mwezi mmoja. Watoto wetu wa Gredi ya 7 hadi ya 9 wamo katika umri ambao kila mmoja anatafuta nafasi yake mbele ya wenzake. Wengine huitafuta kwa ngumi na kwa kejeli.

Katika shule moja tunayoihudumia alikuwako mvulana wa Gredi ya 7 aliyeogopwa na wote. Aliwanyang'anya wadogo chakula cha mchana, na kila mwenzake mwenye kigugumizi aliposimama kusoma, alimwiga na darasa zima likacheka. Kamati ilipokutana, wengi walisema dawa ya moto ni moto: achapwe mbele ya gwaride, au afukuzwe. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi. Kumfukuza nako kungehamishia tatizo shule jirani. Tena fimbo ingemfundisha somo alilokwisha kulijua, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Walimu walishika njia nyingine. Kwanza walimlinda aliyeonewa. Walimsikiliza peke yake, wala hawakumlazimisha kusamehe upesi. Pili, walimwita mwonevu pamoja na nyanya yake anayemlea, wakamweleza waziwazi alilotenda. Akapewa zamu ya kuwagawia chakula watoto wa Gredi ya 1, mwalimu akiwa karibu, na yeye mwenyewe akila wa mwisho. Tatu, walizungumza na darasa juu ya kile kicheko. Nchini Finland, mpango wa KiVa wa Chuo Kikuu cha Turku, ulioenezwa katika shule za nchi hiyo kuanzia 2009, umejengwa juu ya wazo hilohilo: watazamaji wakiacha kumshangilia mwonevu, nguvu yake hupungua.

Mabadiliko hayakuja siku moja. Wiki ya pili alipigana tena. Lakini polepole aliwajua wale wadogo kwa majina, na siku moja akamwomba mwalimu amwekee sahani mtoto aliyechelewa kwenye foleni. Baada ya hapo alimwendea yule mwenzake, akamwomba radhi bila kutumwa na mtu. Mwenzake alinyamaza. Zilipita siku kadhaa ndipo alipomwita wacheze mpira. Hatusemi wamekuwa chanda na pete. Tunasema kwamba sasa mmoja akisimama kusoma, mwingine ndiye anayelinyamazisha darasa.

Ndugu wanakamati, tunawaomba mambo mawili. Kila shule iwe na mtu mzima mmoja anayeaminiwa na watoto, ambaye mtoto anaweza kumweleza shida yake bila kutangazwa. Na mwonevu akiletwa mbele yenu, ulizeni kwanza nani amlinde aliyeumizwa, kisha ulizeni huyu naye apewe wajibu gani wa kurekebisha alichoharibu.

Nanyi wafadhili, mnapochangia madarasa, kumbukeni pia mafunzo ya walimu. Kazi hii haina jiwe la msingi la kuzinduliwa, wala haipigiki picha vizuri. Lakini bila hiyo, mtoto ataketi kwenye dawati jipya akiwa na hofu ileile ya zamani.