Nadhiri na Mfuko Mmoja



Hospitali ya Makiungu, mkoani kwetu Singida, ilianzishwa na masista wa shirika la Mama Mary Martin, lililozaliwa mwaka 1937. Mtawa huweka nadhiri tatu: ufukara, useja na utii, kwanza za muda, kisha za daima. Mshahara wake huingia katika mfuko wa jumuiya. Akihitaji viatu, huomba.

Mimi niliahidi kuutumikia umma, lakini niliwahi kusomba mahindi yangu kwa gari la ofisi. Hakuna aliyeniuliza. Mtawa angeulizwa jioni ile ile, mezani na wenzake.

Vijana, mkipata kazi, tafuteni wenzenu watakaowauliza.