"Mama, Hii ni Hezi 144"

Leo nazungumzia skrini ya kompyuta, ambayo wengine huiita monita na wengine kioo tu. Nina sababu: hivi majuzi nimepoteza laki moja nzima kwa kutojua kuuliza.

Nyumbani kwangu tuna kompyuta moja ya mezani, ya mtumba, iliyotoka kwenye ofisi za watu huko Ulaya. Mimi huandikia mazungumzo haya, binti yangu wa chuo huandikia ripoti zake, na ikifika jioni mdogo wake wa kidato cha tatu hucheza mpira humo. Skrini yake ya zamani ikazima. Nikaenda Kariakoo na shilingi laki nne na nusu kwenye pochi.

Muuzaji akanitolea skrini ya inchi 27, inang'aa kama sahani mpya. "Mama, hii ni hezi 144. Kijana atakushukuru." Sikuuliza hezi ni mdudu gani. Nikalipa.

Jioni ile mpira ukakwamakwama vile vile. Kijana akanitazama kwa huruma, binti naye akasema, "Mama, mbona herufi zina meno?"

Sasa nimekwisha kuelewa. Hezi ni idadi ya mara ambazo skrini huchora picha upya katika sekunde moja. Ya hezi 60 huchora moja kila baada ya milisekunde 16 na ushei. Ya hezi 144, kila baada ya milisekunde 7 hivi. Jicho huiona tofauti hiyo, hasa katika michezo ya kukimbizana na kulenga shabaha. Lakini skrini haitungi picha, inaletewa. Anayetunga ni kompyuta, na yetu ilikuwa inajikongoja na picha 30 tu kwa sekunde. Ni kama mama ntilie mwenye jiko moja kuajiri wahudumu kumi. Watasimama tu mlangoni na sahani tupu.

Kwa hiyo tazama kwanza chombo ulicho nacho. Mwenye PlayStation 4 hapati zaidi ya hezi 60 katika michezo yake, hata akinunua skrini ya bei gani. Mwenye PlayStation 5, baadhi ya michezo itamfikisha hezi 120. Na mwenye kompyuta yenye kadi nzuri ya picha anunue hizo 144 bila wasiwasi, ila akifika nyumbani afungue mipangilio ya skrini, kwani Windows huweza kubaki kwenye hezi 60 na mwenyewe asijue.

Na yale meno ya herufi? Skrini nyingi za bei nafuu zina nukta 1920 kwa 1080, iwe ndogo au kubwa. Kwenye inchi 24, kila inchi hupata nukta 92 hivi. Kwenye inchi 27, hubaki 82. Mchezaji hajali sana. Anayesoma kurasa arobaini usiku anajali.

Kuna na aina za kioo: TN, VA na IPS. Usibishane na muuzaji, mwambie awashe, kisha itazame kutoka pembeni, halafu uiname uitazame kutoka chini. TN rangi zitageuka. VA ina weusi mzuri uliokolea, lakini nyingi za bei ya chini huacha mkia pale penye giza vitu vikikimbia. IPS rangi hazibadiliki, ingawa weusi wake una ukungu kidogo. Kwa nyumba yenye mchezaji na msomaji, mimi nachukua IPS. Ile "milisekunde 1" iliyoandikwa kwenye boksi isikuongezee bei. Kiwanda hujichagulia kipimo kinachokipendeza.

Ile skrini nilimwuzia jirani mwenye kompyuta ya nguvu kwa laki tatu na nusu. Nikarudi Kariakoo, duka jingine, na flashi yenye picha tupu za nyeupe, nyeusi na nyekundu, ili nukta iliyokufa ijionyeshe. Nilikagua na matundu ya nyaya nyuma yalingane na ya kompyuta yangu. Nikapata IPS ya mtumba, inchi 24, hezi 60, kwa laki moja na elfu themanini. Zilizobaki nikanunua kadi ndogo ya picha, ile isiyodai umeme wa ziada.

Mpira sasa unatembea, na binti amenyamaza. Kijana bado anapita kwa jirani kuitazama ile ya hezi 144 na kurudi akisema ni tamu zaidi. Ni kweli, ni tamu zaidi. Nimemwambia akipata mshahara wake aninunulie na mimi.