Seva ya wingu si ya bure: mada kwa vijana wa uenezi

(Mada iliyotolewa kwenye semina ya vijana wa habari na uenezi)



Nimepewa dakika chache nizungumzie seva za wingu na gharama zake. Naanza na hela, maana ndiyo inayotuuma. Tovuti zetu za mikoa na wilaya zinaishi kwa michango. Huyu katoa elfu mbili, yule elfu tano, mwingine kauza kuku. Hiyo si hela ya kuchezea.

Kwanza tuelewane: hili wingu haliko mbinguni. Ni kompyuta za watu, zimefungiwa kwenye majengo yenye umeme na viyoyozi, na wewe unapangishwa kipande. Amazon walianza kuuza huduma hii mwaka 2006, na tangu 2020 wana vituo Cape Town. Wapo DigitalOcean wa Marekani, wapo Hetzner wa Ujerumani. Ni sawa na chumba cha kupanga, ila hapa mita inasoma muda wote.

Sasa bei. DigitalOcean seva ndogo yenye kumbukumbu ya GB 1 ni dola 6 kwa mwezi, na ndani yake kuna GB 1,000 za data inayotoka kwenda kwa wasomaji. Ukizidisha, kila GB ni senti moja ya dola. Kwa Amazon, GB 100 za mwanzo kila mwezi ni bure, halafu kwenye vituo vyao vya Marekani kila GB ni kama senti 9. Cape Town ni ghali zaidi. (Bei hubadilika, kwa hiyo angalieni siku mnayolipia.)

Senti 9 inaonekana ndogo, eh? Haya, tupige hesabu. Kamanda kapandisha video ya mkutano moja kwa moja kwenye seva, ina MB 50. Siku hiyo mambo yamewaka, watu 20,000 wameifungua. MB 50 mara 20,000 ni GB 1,000. Toa zile 100 za bure, zinabaki 900. Mara senti 9, ni dola 81. Video moja! Na hapo kukodi seva yenyewe bado hujalipia. Video hiyo hiyo ukiiweka YouTube, kisha ukaionyesha ndani ya tovuti, hulipi hata senti. Na picha jamani, zipunguzeni kabla ya kuzipandisha. Mwananchi wa kijijini anasoma kwa bando la mia tano, mnamtumia picha ya MB 6 ya nini?

Kuna mtego mwingine. Watu wanadhani ukizima seva, deni linasimama. DigitalOcean seva iliyozimwa bado inalipiwa, kwa sababu nafasi yako imeshikwa. Mpaka uifute. Amazon ukiizima kukodi kunasimama, lakini diski yake inaendelea kuhesabiwa. Na ile taarifa ya bajeti ya Amazon, kazi yake ni kukutumia barua pepe tu; yenyewe haizimi kitu mpaka uipange ifanye hivyo.

Swali ambalo mmeniuliza tangu asubuhi: je, tuhamie wote huko? Kwa maoni yangu hapana. Wilaya inayotoa habari mbili kwa wiki inatosha kabisa na hosti ya kawaida ya kulipia kwa mwaka. Seva ya wingu unakabidhiwa tupu. Kusasisha programu, kuziba matundu, kuweka nakala za akiba, yote ni juu yako. Nakala za kila wiki DigitalOcean wanaongeza asilimia 20 ya bei, yaani dola 1.20 kwenye ile ya dola 6. Lipeni hiyo kabla ya kitu kingine chochote.

La mwisho, na hapa nitawaudhi baadhi. Akaunti iko kwa barua pepe ya nani? Kadi ya nani inakatwa? Mtu akihama, akigombana na uongozi, au kadi ikiisha salio wiki ya kampeni, tovuti inazimwa na orodha ya wanachama inabaki mikononi mwa mtu mmoja. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya ofisi, nenosiri walijue viongozi wawili, na risiti ya kila mwezi ifike kwa mweka hazina.

Makatibu uenezi, kabla hamjaondoka leo niandikieni kwenye karatasi hii inayopita: jina la tovuti yenu, nani analipa, na tarehe ya kulipia. Maswali karibuni.