Kabla ya kununua simu, uliza mnara



Kila Desemba inapokaribia, mabasi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro na Arusha hujaa watu na mizigo. Pale Same mjini wengi hushuka, wakatafuta magari ya kupanda milimani: Chome, Mbaga, Vudee, Suji, Mamba. Wengine hushika barabara ya Kisiwani kuelekea Maore na Ndungu. Zamani zawadi za wazee zilikuwa sukari, kanga na blanketi. Siku hizi, pamoja na hayo, vijana wengi hubeba kiboksi kidogo mfukoni. Ndani yake mna simu mpya ya mama.

Ni jambo jema kumkumbuka mzazi. Lakini leo nataka tujiulize swali moja juu ya kiboksi hicho: ni wakati gani hasa mtu anapaswa kuiacha simu yake ya zamani na kununua mpya? Wauza simu wana jibu lao tayari, nalo ni "sasa hivi". Walikuwa nalo ilipokuja 3G, wakalirudia ilipokuja 4G, na sasa wanalisema tena kwa ajili ya 5G. Sisi wanunuzi hatuna budi kuwa na jibu letu.

Tuanze na jambo ambalo matangazo ya biashara hayalisemi. Simu ni nusu ya chombo. Nusu ya pili ni mnara. Ukinunua simu ya 5G ukaipeleka mahali ambapo mnara ni wa 2G, umenunua simu ya 2G kwa bei ya 5G. Itapiga na kupokea, basi. Picha ya mjukuu haitafunguka, na mama atadhani kosa ni lake.

Huko Upare jambo hili lina uzito wa pekee. Milima ya Upare ya Kusini, ambayo kilele chake cha Shengena kina urefu wa zaidi ya mita 2,400, imejaa migongo na mabonde. Nayo mawimbi ya simu hayapendi kuzunguka mlima. Mtu aliye mgongoni, anayeiona tambarare kwa macho yake, aweza kupata mtandao mzuri. Jirani yake aliye bondeni, mwendo wa dakika 10 tu, huenda asipate kitu mpaka apande juu. Isitoshe, mawimbi ya masafa ya chini hufika mbali kuliko yale ya masafa ya juu. Kwa kuwa 5G mara nyingi hutumia masafa ya juu, huhitaji minara mingi iliyo karibu karibu, na minara mingi hujengwa palipo na wateja wengi. Vodacom walipozindua 5G hapa nchini Septemba 2022, hapakuwa na ajabu kwamba huduma hiyo ilitangulia mijini. Mbio za mtandao zinaanzia Kariakoo na Posta; kule bondeni hufika kwa kuchelewa, na pengine kizazi kimoja hurukwa kabisa.

Je, tuseme basi kwamba simu ya zamani itunzwe milele? La hasha. Zipo nyakati ambapo kubadili simu ni lazima, nami nazihesabu tatu.

Wakati wa kwanza ni pale mtambo wenyewe unapozimwa. Mobitel, walioleta simu za mkononi nchini katika miaka ya 1990, walianza kwa mtambo wa analojia. Ulipokuja mtindo wa GSM, simu zile za kwanza hazikuweza kuzungumza na mitambo mipya, hata kama zilikuwa nzima. Wengi wetu tunakumbuka pia televisheni: Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya miji mingine. Asiyekuwa na king'amuzi alibaki akitazama chenga. Huko Marekani makampuni makubwa ya simu yalizima mitambo ya 3G mwaka 2022, na simu nyingi zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zikageuka kuwa saa za mezani. Hapa kwetu 2G bado inahudumu, tena ndiyo inayobeba vitochi vya wazee wetu. Basi anayekwambia kwamba kitochi cha baba yako kimekwisha muda wake, mwulize: nani amekizimia mtambo?

Wakati wa pili ni pale simu yenyewe inapokosa uhalali. Usiku wa Juni 16, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilifungia simu bandia nchi nzima. Walioumia zaidi ni wale walionunua rahisi. Fundisho lake halijachakaa. Kabla hujatoa fedha yako, hasa kwa simu ya mtumba, bonyeza *#06# upate namba ya simu hiyo yenye tarakimu 15, kisha itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Utajibiwa simu hiyo ni ya aina gani. Kama jina ulilojibiwa na jina lililoandikwa mgongoni havifanani, mrudishie mwenyewe. Na kwa simu zinazotoka ng'ambo, weka laini yako ujaribu palepale, kwani nyingine zimefungwa zikubali mtandao wa huko zilikotoka tu.

Wakati wa tatu ni pale huduma unayoitegemea inapoikataa simu yako. Tangu Oktoba 24, 2023, WhatsApp iliacha kuzihudumia simu za Android zilizo chini ya toleo la 5.0. Mtu ambaye mikutano ya ukoo, michango ya msiba na oda za biashara zake vyote vimo humo, hawezi kuambiwa avumilie. Vilevile, simu isiyopata tena marekebisho ya usalama kutoka kwa watengenezaji si mahali pa kuweka programu ya benki. Simu hiyo ibaki ya kupiga, kupokea na kusikiliza redio.

Nje ya nyakati hizo tatu, yanayobaki ni matamanio au matengenezo. Betri ya simu ni kama godoro, huchoka kwa kutumiwa. Baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa haishiki chaji kama zamani. Hiyo si sababu ya kutupa simu. Ni sababu ya kumwona fundi. Mimi hupendelea kanuni ya nusu: kama gharama ya fundi haifiki nusu ya bei ya simu nyingine inayolingana na hiyo, tengeneza. Ikizidi, achana nayo.

Sasa nije kwenye jambo linalonitia hofu zaidi, nalo ni mikopo ya simu. Unaambiwa toa kianzio kidogo, kisha lipa kidogo kidogo kila siku, na usipolipa simu inajifunga. Tufanye hesabu ya mfano. Simu inauzwa shilingi 300,000 taslimu. Kwa mkopo unatoa kianzio cha 50,000, kisha 1,300 kila siku kwa mwaka mzima. Shilingi 1,300 haimtishi mtu. Lakini izidishe mara 365 utapata 474,500, uongeze na kianzio, jumla 524,500. Umelipa 224,500 zaidi ya bei. Kwa familia ya milimani, hizo ni fedha za sare za shule na mbolea. Tena mvua ikikosekana au tangawizi ikikosa bei, simu inajifunga siku ileile ambayo mkulima anaihitaji kumpigia mnunuzi.

Sisemi kwamba mkulima hana haja na simu janja. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Myamba anayeweza kumpelekea mnunuzi wa mjini picha ya mzigo wake, na kuulizia bei kwa watu watatu kabla ya kuuza, huyo simu itamrudishia fedha zake. Lakini mzee ambaye kazi yake ni kupokea fedha za matumizi na kusalimiana na watoto, kitochi kinamtosha. M-Pesa, iliyoanza hapa nchini mwaka 2008, hupatikana kwa kubonyeza *150*00# bila intaneti hata kidogo. Chombo kipimwe kwa kazi.

Basi kijana unayejiandaa kwenda nyumbani, fanya hivi. Kwanza, piga simu kwa jirani wa mama mwenye simu janja. Mwambie asimame mlangoni pa mama, si barabarani, akusomee maandishi yanayotokea juu ya kioo karibu na alama za mtandao: ni 4G, ni 3G, ni H, ni E? Herufi E ni ya 2G iliyoboreshwa kidogo, na H ni ya 3G. Pili, uliza ni laini ya kampuni gani, maana kampuni moja yaweza kuwa na 4G pale na nyingine isiwe nayo. Tatu, itazame kadi ya laini ya mama. Kadi za zamani sana hazikubali 4G hata ndani ya simu mpya, na huenda kinachohitajika ni kubadilishiwa kadi tu. Ukishapata majibu hayo, nenda dukani. Ukikuta 4G ipo na simu ya mama ni ya 3G, nunua kwa moyo mkunjufu, wala usihangaike na 5G.

Na kama mnara haupo? Subira. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitiliana saini na makampuni ya simu mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Mnara ukifika ndipo simu inunuliwe, kwani kwa kawaida bei ya simu ya aina ileile hushuka kadiri siku zinavyopita. Anayenunua leo kwa ajili ya mnara wa mwakani anamlipa muuzaji kwa kitu ambacho hajapewa.

Lakini mnunuzi peke yake hawezi kubeba mzigo huu wote. Makampuni ya simu yanajua kila mnara wao unatoa mtandao wa kizazi gani. Si haki mwananchi alijue hilo kwa kumsimamisha jirani mlangoni. Habari hizo zibandikwe kwa wakala wa kila kata, kwa Kiswahili chepesi. Na siku itakapopangwa kuzimwa 2G au 3G hapa nchini, wananchi waambiwe miaka kabla, si miezi. Mzee wa Chome hanunui simu kwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Hununua kwa mavuno, na mavuno yana misimu yake.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ukichanika, tuufume mwingine. Lakini tuuache kwa sababu umechanika kweli, si kwa sababu jirani ametandika zulia.