Mlima Haumtambui Mwenyeji: Kujikinga na Ugonjwa wa Mwinuko Kilimanjaro

Maelezo kwa mikutano ya wakazi wa kata zinazopakana na Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro



Katika kata zilizo chini ya Kilimanjaro imeota mizizi imani kwamba ugonjwa wa mwinuko ni ugonjwa wa wageni. Mzungu aliyeshuka ndege juzi ndiye hutapika Horombo. Kijana wa Marangu au Machame, aliyekua akiutazama Kibo kila asubuhi, hana la kuogopa. Imani hiyo inapendeza masikioni, lakini si ya kweli. Wanaoumizwa nayo zaidi ni wapagazi wanaoanza kazi, wanafunzi wanaopelekwa kutembea, na familia zinazopanda siku ya mapumziko kana kwamba zinakwenda sokoni.

Hesabu yenyewe ni fupi. Vihamba vingi vya Wachaga viko kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza kuonekana kwa mtu anayelala juu ya mita 2,500. Kwa hiyo aliyezaliwa kwenye mita 1,500 ameishi maisha yake yote chini ya mpaka ambapo mwili hulazimika kujifunza upya kupumua. Hata mpagazi mzoefu akikaa nyumbani wiki kadhaa bila kupanda, sehemu kubwa ya mazoea ambayo mwili wake uliyapata huko juu hupotea, na safari inayofuata anaianza karibu sawa na mgeni. Nguvu za misuli nazo hazimkingi mtu. Mwanariadha huweza kuugua huku mzee anayejikongoja akifika salama, na pengine wepesi wa miguu ndio unaomfikisha kijana juu kabla mwili wake haujawa tayari.

Watu husema kwamba juu mlimani hakuna oksijeni. Ukweli ni kwamba sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, karibu asilimia 21, iwe Tanga ufukweni au kileleni Uhuru kwenye mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Horombo, kwenye mita 3,720 hivi, mgandamizo wa hewa ni chini kidogo ya theluthi mbili za ule wa pwani. Uhuru ni karibu nusu. Mwili hujibu kwa kupumua haraka na kwa kina, moyo huenda mbio, na figo huongeza mkojo ili kurekebisha hali ya damu. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na hakuna ujasiri wala maombi ya mwajiri yanayoweza kuiharakisha.

Usiku pia huleta jambo linalowatisha wengi. Mtu aliyelala huvuta pumzi nzito, kisha hunyamaza kwa sekunde kadhaa kana kwamba amekata roho, halafu huanza tena. Kama asubuhi anaamka vizuri, anakula na hana maumivu ya kichwa, hali hiyo peke yake ni ya kawaida kwenye mwinuko.

Kanuni inayokubalika na matabibu wa milimani ni kwamba, juu ya mita 3,000, kituo cha kulala kisizidi kile cha jana yake kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku mmoja wa kubaki pale pale. Sasa itazamwe njia ya Marangu. Lango liko karibu mita 1,900. Usiku wa kwanza msafiri hulala Mandara, mita 2,700. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,700. Na kabla usiku huo haujaisha huamshwa kukielekea kilele. Kati ya kituo na kituo ni mita 1,000, yaani mara mbili ya kipimo. Haishangazi basi kwamba wengi hurudi na kichwa kinachopasuka. Siku moja ya ziada Horombo, ambayo mchana wake hutumika kutembea hadi Miamba ya Pundamilia au kuelekea Mawenzi na kurudi kulala pale pale, ndiyo kinga ya bei nafuu kuliko zote. Anayepanga safari ya ndugu, ya kwaya au ya chama cha kuweka na kukopa, akitaka kupunguza gharama, na apunguze kitu kingine, aiache siku hiyo.

Historia ya mlima wenyewe inafundisha hayo. Hans Meyer, Mjerumani aliyeshindwa kufika juu mwaka 1887, alifika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller baada ya kuweka kambi kadhaa njiani zilizoletewa chakula kutoka chini. Mpango huo ulimwezesha kubaki juu kwa siku nyingi bila kulazimika kushuka kila mara chakula kilipokwisha. Wapagazi ndio waliobeba chakula hicho, jambo ambalo vitabu vya wageni hulipitia harakaharaka.

Matembezi ya siku moja yana hatari ndogo zaidi kwa sababu mtu hurudi kulala chini. Kupanda Mandara na kuitazama Kreta ya Maundi, kisha kushuka jioni, hakuna tatizo kwa mtu mzima mwenye afya. Uwanda wa Shira unahitaji uangalifu zaidi. Sehemu yake hufikiwa kwa gari, na msafiri aliyekunywa chai Moshi, karibu mita 900, anaweza kusimama kwenye mita 3,500 kabla ya chakula cha mchana. Gari limepanda, mwili bado uko Moshi. Kizunguzungu kidogo na kuhema ni vya kutarajiwa, na wasafiri wasianze kukimbizana wala kucheza mpira pale juu. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida hujitokeza saa kadhaa baada ya kufika, mara nyingi jioni au usiku wa kwanza. Ndiyo sababu anayesema mchana kwamba yuko sawa, akaamua kulala huko huko, huweza kubadilika usiku gari likiwa limekwisha ondoka.

Dalili za mwanzo zinafanana na za uchovu wa baada ya sherehe: kichwa kuuma, hamu ya chakula kupotea, kichefuchefu au kutapika, kizunguzungu, mwili kulegea. Mtoto mdogo hawezi kuzieleza. Yeye hukataa chakula, hulia bila sababu na hataki kucheza. Sheria ya busara ni kumhesabu kila anayeumwa na kichwa huko juu kuwa ana ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Mgonjwa wa namna hii abaki alipo, apumzike, anywe maji kadiri ya kiu, na asipande hata hatua moja hadi dalili ziishe. Dawa ya kutuliza maumivu inaruhusiwa. Kosa ni kuimeza ili kuendelea na safari. Zikizidi, ashuke.

Hapo ndipo pagumu kwa mpagazi. Mgeni akisema kichwa kinamuuma, msafara mzima humsikiliza, maana amelipa. Mpagazi akisema hivyo, hufikiri juu ya ujira wa siku zilizobaki, juu ya mwenzake atakayebebeshwa mzigo wake, na juu ya kama ataitwa tena safari ijayo. Kwa hiyo hunyamaza. Anapanda na mzigo mzito, kwa koti lisilotosha, pengine na mafua aliyotoka nayo nyumbani. Na kazi nzito, baridi na maambukizi ya kifua ni mambo yanayojulikana kuongeza hatari ya mapafu kujaa maji. Kiongozi wa msafara anayewauliza wageni kila jioni hali zao bila kuwauliza wapagazi wake amefanya nusu ya kazi. Na familia inayomwaga kijana wake langoni inaweza kumwambia waziwazi kwamba akirudi kabla ya siku zake hataulizwa fedha ziko wapi.

Hatua ya hatari ina sura mbili. Ya kwanza ni ubongo kuvimba. Mgonjwa hupepesuka kama mlevi, husema maneno yasiyoeleweka, hukataa kuvaa koti au hukaa kando akitazama tu. Kipimo chake hakihitaji chombo: atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa hatua chache tu wakati wenzake wanaweza, asisubiriwe hadi asubuhi. Ya pili ni mapafu kujaa maji, nayo ndiyo huua zaidi. Huja mara nyingi usiku wa pili au baada yake: mtu anahema hata akiwa ameketi, anakohoa, midomo na kucha zinageuka rangi ya buluu, na baadaye makohozi huwa na povu lenye wekundu hafifu. Wengi huita hali hiyo kichomi, kisha humfunika blanketi na kumpa chai ya tangawizi. Chai haina ubaya, lakini muda unaopotea ndio unaoua.

Tiba ya zote mbili ni kushuka, iwe saa saba za usiku, iwe mvua inanyesha. Mara nyingi mita 300 hadi 1,000 hutosha kuleta nafuu. Mgonjwa asipelekwe peke yake, na mwenye mapafu yaliyojaa maji asitembezwe kwa nguvu zake kama upo uwezekano wa kumbeba kwa machela, kwa sababu jitihada humzidishia maji. Oksijeni ikiwepo apewe, huku safari ya kushuka ikiendelea.

Kuhusu dawa ya kinga, iliyozoeleka ni asetazolamaidi, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Diamox. Huanzwa siku moja kabla ya kupanda, nayo humsaidia mtu kupumua zaidi na kuzoea mapema. Haimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Husababisha vidole kuwasha kama vinachomwa kwa sindano na mkojo kuwa mwingi, mambo yasiyo na madhara makubwa. Aliyewahi kubabuka ngozi au kuvimba uso kwa dawa za salfa kama Fansidar au Septrin amweleze mtaalamu kabla ya kuinunua, na asikubali kidonge anachopewa na jirani. Pombe na vidonge vya usingizi viachwe kabisa usiku wa kulala juu, kwa sababu hupunguza upumuaji wakati ule ule mwili unapouhitaji. Mbege itasubiri nyumbani.

Wako pia wasiopaswa kupanda bila kwanza kuonana na daktari: wenye ugonjwa wa moyo au wa mapafu, wajawazito, na yeyote aliyewahi kupatwa na maji mapafuni huko juu, kwa sababu anaweza kurudiwa. Kundi linalosahaulika zaidi ni la selimundu, ugonjwa ambao uko katika familia nyingi za Tanzania. Upungufu wa oksijeni hufanya chembe za damu za mgonjwa kujikunja na kuziba mishipa, hivyo mwenye ugonjwa huu asipelekwe kwenye mwinuko mkubwa kwa ajili ya matembezi. Hata aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye huishi bila dalili zozote, huweza kwa nadra kuumia wengu akiwa juu sana. Maumivu makali ya ghafla ubavuni, upande wa kushoto chini ya mbavu, ni ishara ya kushuka mara moja. Walimu wanaoandikisha wanafunzi kwa safari ya Shira au Horombo waulize jambo hili kwa wazazi kwa faragha, kabla basi halijakodiwa.

Mwisho ni habari ya kurudi. Kwa kawaida dalili nyepesi huisha ndani ya siku moja au mbili baada ya kushuka. Anayeendelea kukohoa, kuhema, kuumwa na kichwa au kupepesuka akiwa nyumbani aende zahanati au kituo cha afya bila kungoja. Akifika huko, kichwa kinachouma na kutapika hufanana sana na malaria, na kikohozi cha mapafu yenye maji hufanana na nimonia. Mhudumu hawezi kukisia. Mgonjwa, au aliyemsindikiza, aseme tangu mlangoni kwamba ametoka mlimani, alilala kituo gani, usiku wa ngapi dalili zilianza, na ni dawa gani alimeza huko juu. Kipimo cha malaria kitafanywa pamoja na hayo, na kile kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni, ambacho watu wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19, kitavikwa kidoleni mwake ili ijulikane kama abaki pale au apelekwe hospitali.